Uzamivu

Limi, uliniuliza juzi tukipanda mawe ya Mabatini na ndoo
kama mtu hawezi kutafuta visukuku mpaka awe na shahada ya uzamivu.
Sikukujibu. Pumzi ilikuwa ya kilima.

Sasa nimekaa.

Mawe haya yetu hayana mifupa ndani.
Ni matale, yalitoka motoni, hayajawahi kumzika samaki.
Mifupa niliyoisoma mimi ni mapanki:
miaka kumi na mmoja kiwandani Igogo,
kisu, gamba, uti, pipa,
mpaka mkono ukajua kiungo kilipo
kabla jicho halijafika.

Halafu msimu ule wa makorongo. Walitaka wabeba maji, nikaenda.
Siku ya tisa Mutalemwa, kijana wa uzamili,
kofia pana, daftari lisilolowa maji,
aliokota kitu cheusi, akakitupa: kokoto.
Nikakifuata. Matuta matatu, kama kucha zilizoungana.
Nikamwambia, hili ni jino la kamongo.
Nimewatupia mbwa mengi.

Akacheka. Kisha akanyamaza. Kisha akaomba radhi,
na hilo nampa.

Ila nisikudanganye kwa utamu wa hadithi.
Mimi nilijua ni kamongo. Yeye ndiye aliyejua
majivu yaliyolifunika yana umri gani,
na ni maji gani yalilala pale
kabla ziwa hili halijazaliwa.
Kibali kilikuwa na sahihi ya profesa wake.
Kabati la makumbusho lina ufunguo, na ufunguo una cheo.
Kwenye makala yao nimo, ukurasa wa mwisho,
baada ya dereva: na mama mmoja wa Mwanza.

Uzamivu, wanauita. Neno la watu wa maji.
Basi zama, ada ikipatikana; uza hata baiskeli yangu.
Zama mpaka waandike jina lako lote, la ukoo na la bibi.
Lakini usingoje joho ndipo uanze kutazama.
Kamongo hangoji mvua ndipo awe kamongo.
Hujifukia topeni, anapumua.

Jumamosi njoo jikoni kwangu.
Nimempanga sangara mzima sakafuni, juu ya gunia,
mfupa kwa mfupa, nimechemsha, nimesugua.
Umebaki mmoja, mdogo, wa nyuma ya shavu,
umepinda kama kijiko.
Mahali pake napajua.
Jina lake silijui.