Jicho la Mzabibu

Mwezi wa nne, Hombolo. Udongo bado una ubaridi wa mvua ya mwisho.
Nakata zabibu. Matawi ya msimu uliopita yote chini,
naacha macho matatu kwa kila mkono.
Hayafanyi kitu, macho yale. Yamejibanza kwenye gamba
kama watu waliowahi msibani, wakakosa wa kumsalimia.

Kutoka mstari wa saba namsikia mama akikohoa.

Miaka arobaini alipikia ndani ya tembe,
ndama ng'ambo ya ukuta, moshi wa mgunga ukitafuta mlango,
dari iking'aa weusi kama lami mbichi.
Ugali wa uwele, mlenda, maji ya moto ya wazazi:
vyote vilipita kwanza kifuani mwake.

Dada yangu Ndahani huchungulia hadubini mjini, hospitalini.
Alinieleza hivi, akimenya karanga:
kwenye sakafu ya njia ya hewa kuna seli fupi, zimechuchumaa.
Shina, alisema, akatabasamu; alijua neno hilo litaninasa.
Juu yake wamesimama wafagiaji wenye nywele,
wanasukuma vumbi kuelekea kooni usiku na mchana,
hata Sabasaba hawapumziki.
Moshi ukimuua mfagiaji, shina moja hugawanyika:
nusu hubaki chini kulinda nafasi,
nusu hupanda kushika ufagio.
Kule Mtumba kila jengo lina bango la mkandarasi.
Kifuani mwa mama palijengwa upya mara ngapi,
bila bango, bila nyundo kusikika.

Lakini miaka arobaini.
Shina halikuona msimu mwingine ila moshi.
Likajifunza moshi.
Likaacha kupandisha wafagiaji, likapandisha watoa ute,
ute juu ya ute, likidhani linasaidia,
njia ikabaki tundu la sindano ya magunia.
Kando ya kitanda chake kuna kopo la majani ya chai.
Ndani, chini ya makohozi, ametandaza majivu.

Tulimjengea jiko la nje, lenye bomba. Mwaka wa tatu huu.
Nikamfokea Ndahani kwenye simu: moshi si umekwisha?
Akanyamaza. Akasema, shina la mgonjwa ukilitoa,
ukalikuza kwenye kisahani, katika maji safi ya uvuguvugu,
mbali na kila moto,
bado linatoa ute. Linakumbuka.

Naujua mzabibu wa namna hiyo.
Ulikatwa vibaya, kwa mkasi butu, na mtu mwenye haraka.
Badilisha maji, badilisha mbolea: majani matupu, kichala hakuna.
Huwa nashuka chini zaidi, karibu na ardhi,
natafuta jicho lililolala kabla ya kosa.
Kwa mama lipo?
Labda, alisema Ndahani. Watu wanatafuta. Bado.
Hakunidanganya. Nilitamani anidanganye kidogo.

Mama ametoka, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Anatazama pale nilipokata, maji yanadondoka.
"Nao una makohozi," anasema, anacheka,
kicheko kinageuka, namshika mgongo mpaka kipite.
Kisha ananyoosha kidole, pumzi haijarudi yote:
"Pale umeacha mawili."
Nahesabu.
Ni mawili.