Honi kwenye Kona Tupu

Bugumba, kabla hujagusa ufunguo, mzunguke.
Mzunguke kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani:
tazama matairi, tazama mnyororo,
inama uone kama ametoa mafuta sakafuni.
Jana alikuwa mzima. Jana si leo.

Funga mkanda.
Najua ni hatua hamsini tu, toka mlangoni hadi gatini.
Funga.

Foklifti si gari. Gari hukatia mbele,
huyu hukatia nyuma kama mtumbwi:
pua ikielekea Igogo, mkia unafagia Mkuyuni,
na mkiani ndiko watu husimama
wakihesabu magunia, wakipokea simu.

Meno chini, shibiri moja kutoka sakafuni.
Mlingoti ulale nyuma kidogo,
mzigo uegemee kifua chake kama mtoto anayesinzia.
Ukikuziba macho, usichungulie pembeni kama jirani mmbea:
geuka, nenda kinyumenyume, shingo iume.
Shingo hupona.

Huko nje mawe yamekaa juu ya mawe
tangu mji huu haujapata jina.
Wageni huyapiga picha, huuliza nani aliyapanga.
Yale yamekuwa na muda wa kujifunza kukaa.
Paleti yako ya sukari
imepangwa alfajiri na kijana mwenye usingizi.
Usiiamini kwa kuwa imesimama.

Tena usubi wa ziwa ukija,
ukaizingira taa ya mlangoni kama moshi,
asubuhi utaukuta umekufa sakafuni, tabaka zima,
na sakafu inateleza kama imemwagiwa mlenda.
Chukua fagio kwanza. Usione haya, dereva hufagia.

Kwenye mteremko, mzigo utazame juu,
hata unaposhuka. Hasa unaposhuka.
Na akipinduka
(hatapinduka, lakini akipinduka)
usiruke. Shika usukani, kaza miguu,
lalia upande asikoangukia.
Anayeruka humtangulia chini.

Sasa kona ya tatu, ile ya marobota ya pamba.
Utanisikia napiga honi pale hata saa nane za usiku,
ghala zima likiwa na mimi na paka.
Kashinje wa zamu hunicheka:
"Mama, unamsalimia nani?"

Nyabwire.
Alikuwa akipita pale saa nne, chupa ya chai mkono huu,
beseni la vitumbua mkono ule.
Siku ile meli ilikuwa tayari, msimamizi
anagonga saa yake kwa kidole.
Nilibeba robota juu, usawa wa macho yangu,
sikupiga honi
kwa sababu juzi hapakuwa na mtu, na jana hapakuwa na mtu.
Nilisikia chupa kwanza.
Kile kioo cha ndani kikivunjika
husema neno dogo tu, kama mtu aliyesahau kitu.
Halafu vitumbua, vikibiringika taratibu
hadi kwenye tairi langu.

Yuko hai. Nakuambia mimi, usiende kuwauliza wapagazi.
Yuko Kirumba, anauza vocha ameketi,
mguu mmoja haukunjiki.
Kila nikipita hunidai hela ya chupa.
Kila nikipita namlipa.
Miaka sita sasa, na hatujawahi kutaja kitu kingine.

Msimamizi atakuja na saa yake.
Mwitikie vizuri, kisha endesha mwendo wa mtu anayetembea.
Mtu akikuomba umpandishe kwenye meno
afikie rafu ya juu, mwambie ngazi iko stoo.
Mtu akipita chini ya mzigo, zima, mtazame
mpaka yeye mwenyewe aone haya.

Haya, chukua ufunguo.
Beba tupu kwanza. Zunguka ghala lote.
Ukifika kona ya tatu, piga.
Nitakuwa hapa mlangoni, nimewapa mgongo nyote,
nasikiliza.