Misalaba Miwili Midogo

Mvua ya Januari ilinifuata kutoka stesheni
hadi kwenye ngazi za Coimbra, ikaniacha mlangoni
kwa Baltasar Quintela, muuza vitabu
asiyepandisha bei wala kuishusha:
hukohoa tu, nawe ukajua.

Naitaka tanzia ile, nikamwambia, ya mama na mahakama.
“Ipi?”
Nikacheka. Kwani ziko ngapi?
Akanipangia tatu mezani, kama mgawa karata.

Ya kwanza nzito kama jiwe la kusagia.
Mstari mmoja wa shairi juu ya ukurasa
na chini yake tanbihi, tanbihi, tanbihi,
maprofesa wakisukumana viwiko kwa wino mdogo:
nani alikopa nini kwa Walatini, koma ilidondokea wapi.
Mama analia kule juu, na hakuna anayeinua kichwa.
Hii ni ya wenye tasnifu. Mimi nina wanawake kumi na mmoja
wa kiwanda cha sufi Covilhã, darasa la usiku,
mikono yao inanuka mafuta ya kondoo,
na wanataka kuigiza kabla ya Pasaka.

Ya pili safi, safi kama sahani ya wageni.
Herufi kubwa. Tanbihi hata ya dawa hakuna.
Nikakimbilia tendo la tano, penye jeraha.
Hakimu anauliza: Mwanao huyu, ulimfanya nini?
Mama anajibu: Nilimuua.
Nukta. Pazia.

Lakini mimi nilifundishwa Nilimjua!
Nililikariri nina miaka kumi na minne,
nimesimama juu ya benchi, kamasi zikinitoka.

Quintela akakohoa. “Chapa ya kwanza ina moja,
ya pili, miaka tisa baadaye, ina nyingine.
Herufi moja tu, bibi. Mwandishi alifia katikati,
na mpiga chapa, wanasema, alikuwa na chongo.”
Herufi moja, na karne mbili za wenye miwani
hawajapata usingizi.

Huyu wa kitabu safi alichagua, akafagia, akafunga mlango.
Hakuacha hata vumbi la kusema
kwamba hapa mtu alisitasita.

Ya tatu jalada limepauka, mgongo umeshonwa kwa uzi wa viatu.
Mhariri ni padri fulani wa milimani, Eleutério Falcato.
Tanbihi zake chache, kama chumvi ya mtu mwenye presha.
Alipofika kwenye neno lile
akapanda misalaba miwili midogo, kulia na kushoto,
kama wafanyavyo wahariri mahali palipooza,
na katikati akayaacha maneno yote mawili
yalale kitanda kimoja.
Chini ameandika: Hapa sijui. Nimejaribu miaka kumi na saba.

Nikasimama pale, soksi zikichuruzika.
Pembeni mwenye kitabu wa zamani ameandika kwa penseli:
unga, misumari, dawa ya Amélia.
Nikalipa. Sikungoja hata kikohozi.

Covilhã, Jumanne. Mama ni Deolinda.
Yeye mwenyewe alimwandikisha mwanawe kiwandani
akiwa na miaka kumi na mitano, kwenye mashine ya kuchambulia.
Hatulizungumzii.
“Mwalimu,” akaniuliza, “nasema lipi?”

Nilikuwa na jibu. Nililitunga kwenye basi, refu, lenye mifano.
Nikamfungulia ukurasa tu.
Akaweka kidole juu ya misalaba, kile kisicho na ukucha,
akasoma tanbihi kwa kunong'ona, taratibu,
mpaka kumi na saba.

“Huyu padri,” akasema, “alikuwa na mtoto?”
Sijui, nikasema.
Ng'ambo ya mto taa za zamu ya jioni zikazimwa, safu kwa safu.
Akavuta kiti, akajifunga upya kitambaa chake cha kichwa.
“Haya. Turudie. Anzia kwa hakimu.”