Kibao cha Shaba

Injini ingurumayo haigusi gurudumu.
Hilo alinifunza baba, Kazimierz Wojtas,
mchomeleaji wa kiwanda cha treni, Schenectady,
kwa kikombe na vijiko juu ya meza ya jikoni:
"Hii dizeli. Inakoroma, inatema moshi, inajigamba,
lakini kazi yake ni kuzungusha jenereta, basi.
Jenereta inazaa umeme,
umeme unateremka kimya kimya
hadi kwenye mota, huko chini penye ekseli,
na mota ndiyo ibebayo mzigo."
Mama hakuinua macho kwenye viazi.
"Na hiyo mota," akasema, "nani kaisuka?"

Yeye alisuka nyaya upande wa pili wa mji,
kampuni ya umeme,
duara juu ya duara, shaba na utepe wa mika,
vidole vikinuka vanishi hata Jumapili kanisani.
Kwa hiyo treni zetu zilikuwa na wazazi wawili.
Kila moja ilitoka langoni na kibao ubavuni:
majina mawili, kistari katikati.

Kisha wakubwa wakakikata kistari.
Watu wa umeme wakaenda Erie kuunda treni zao wenyewe.
Huko La Grange wengine wanafyatua injini kama matofali,
na nyumbani kwetu, kitanda kile kile,
wakalala washindani.
Mama akiteleza akasema "sisi",
baba anauliza, "Sisi nani?"

Aliapa kwa moshi wa treni zake,
mweusi, mzito, wa aibu kwa waanikao nguo.
"Yetu inakula kabla ya kuvuta pumzi,
kama mtu mwenye njaa ya kweli."

Mwaka sitini na tisa lango likafungwa.
Hotuba hakuna. Mlinzi, mzee Quackenbush,
alipokea funguo, akazihesabu mara mbili.
Baba akarudi koti limelemea upande mmoja,
akiyumba kama mlevi, na tone hakunywa.
Akatoa kibao. Cha zamani, chenye majina yote mawili.
Akakiweka mezani.

Mama alikitazama. Akakigeuza, akakigeuza tena.
Akaipua sufuria ya supu ya kabichi
akaitua juu yake, pwaa.
"Angalau meza haitaungua."
Baba alicheka mpaka akalia,
au alilia mpaka akacheka;
nilikuwa mlangoni, sikuona vizuri.

Sasa kiko kwangu. Nusu ya herufi zimeliwa na joto.
Leo nimekitulia maharagwe.
Usiku, treni ndefu za mizigo zikifuata Mto Mohawk,
namsikia yule anayenguruma,
madirisha yote yanamsikia.
Nazima redio.
Najaribu kumsikia yule mwingine.