Uzi Mmoja

Tunaingia mmoja mmoja, tukikung'uta theluji viatuni,
kila mtu na kitu chake amekifunga kwa blanketi
kama mtoto wa kupelekwa kliniki.
Shule hii ya kando ya Iisalmi ilikwisha kufungwa,
wanafunzi wakahamishiwa mjini,
lakini tanuri bado linawaka chini ya madarasa matupu,
na gundi, kama magoti yangu, haipatani na baridi.

Sheria yetu ni moja, imeandikwa kwa chaki mlangoni:
Usiseme "zuri." Sema ulichokisikia.

Aatos, miaka kumi na tisa, ameleta shingo peke yake,
shingo isiyo na kichwa wala kiwiliwili.
Ameichonga kwa kisu cha kuparia samaki
maana patasi za babu yake ziliuzwa pamoja na nyumba.
Inapita mkono kwa mkono. Tunafumba macho, tunaipapasa.
"Hapa," anasema Veijo, "pana kilima."
Aatos anakitia kilima alama ya penseli.

Marjut ni daktari wa meno.
Gundi iliyoganda anaichokonoa kwa vyuma vyake vya kazini
(anaapa huvichemsha),
kisha anaingiza kioo kidogo chenye mpini ndani ya tundu
na kutusomea habari za humo:
ubavu wa tatu umeachia,
kuna tone la gundi limening'inia,
kuna unywele.
Unywele ni wake, wa kijivu. Anauacha.

Mimi? Nilipimia ukingo usio wenyewe.
Tundu limekaa upande, kama kitovu cha mtu aliyelala ubavu.
Miezi minne ya randa na msasa,
na kosa la dakika moja, kabla ya kahawa.
Naliweka mezani huku natazama sakafu.
Veijo anagonga ubao kwa kidole gumba, anasikiliza, anagonga tena.
"Linaongea," anasema, "ila linaongea na jirani."
Tunacheka hadi maranda yanaruka.

Lakini usiku huu ni wa Urpo.

Urpo ana magitaa sita ukutani kwake, yote kamili,
vanishi tabaka kumi na moja,
na hakuna hata moja lenye uzi.
Hatujawahi kumuuliza.
Hili la saba limetoka kwenye sauna ya baba yake,
msonobari ulionywa mvuke na jasho la ukoo mzima
miaka sitini;
alipoibomoa, mbao nne tu zilikuwa hazijapinda.
Anakohoa. Anavua miwani, anaivaa.
"Nani ana uzi?" anasema. "Mmoja tu. Ule mnene."

Nje, baridi ni nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.
Ndani, uzi mmoja unatoka mkobani mwa Marjut,
umejikunja kama nyoka wa duka la michezo.
Kigingi kinalia kikikazwa: kri, kri.
Hakuna anayemeza kahawa yake.

Urpo anavuta.

Sauti inatoka mbaya, na ashukuriwe Mungu kwa hilo:
inakoroma kwenye waya wa tano,
inajikohoza, inajinyoosha,
inafuata mabomba ya maji moto hadi juu,
darasa la pili, darasa la tatu,
hadi pale ambapo hatuwezi tena kuifuata.

"Nimesikia nyuki," anasema Aatos, "waya wa tano."
"Nimesikia daraja limezidi," anasema Veijo, "kwa unene wa kucha."
Marjut anainama, anasogeza pua tunduni, anakaa sana.
"Mimi," anasema, "nasikia moshi."

Urpo anaandika yote nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
nyuki, kucha, moshi.
Anachukua tupa.
Anaulegeza uzi kidogo, apate nafasi ya kusugua,
lakini hautoi.