Iraz, Bila Nukta

Rize, Oktoba. Mvua haijakatika tangu Jumatatu
na ofisi ya ushirika wa chai inanuka makoti mabichi.
Bibi Iraz Kalyoncu ameweka risiti ya mizani mezani,
ameilaza kwa kiganja kama anayemtuliza paka.
Kadi yenye namba yake ilifuliwa pamoja na aproni.
Naandika jina. Kompyuta inajibu: hakuna.

"Nipo," anasema.

Naandika tena, kwa herufi kubwa. Hakuna.
Kwa ndogo. Hakuna.
Nyuma yake foleni inakohoa.

Kosa hili lina ukoo wake.
Kituruki kina i mbili, wala si pacha:
moja ina nukta, nyingine kichwa wazi,
na kila mdogo ana mkubwa wake.
Mwenye nukta hukua nayo,
asiye nayo huzeeka bila.
Lakini mashine yetu ilifunzwa herufi ugenini.
Humwona I mkubwa, asiye na kitu kichwani,
humpunguza kimo, humvika nukta ya jirani,
kisha huapa kuwa ndiye.
Tena hushusha ninachoandika mimi tu;
ilichohifadhi hukiacha kilivyo.

Na waliotangulia kwenye kiti hiki kila mmoja alikuwa na mkono wake.
Hayrettin, mwaka wa tisini na nne, aliandika kwa kubwa tupu,
kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.
Nurgül aliandika ndogo na kubwa zilivyodondoka;
alikuwa na mtoto mchanga kwapani,
na kitufe cha kukuzia kilitaka mkono wa pili.

Nikasema: basi, mkubwa na mdogo wawe sawa.
Nikaiagiza mashine ishushe kila jina kabla ya kulinganisha,
kwa kanuni ya hapa, nukta kwa mwenye nukta.
Ikatii. Na hapo ndipo tulipokwama.
Faharasa ilipangwa kwa majina yalivyoandikwa,
nami sasa nauliza jina ambalo halikuandikwa hivyo popote.
Ikakaa kando, ufunguo wa mlango uliobadilishwa kitasa,
na mashine ikaanza kusoma mstari kwa mstari,
laki nane na ushei,
ikishusha, ikilinganisha, ikitupa,
ikishusha, ikilinganisha, ikitupa.
Dakika ya pili nikamletea bibi kiti.
Dakika ya tatu bwana mwenye mwavuli
akauliza atalipwa yeye au warithi wake.

"Rudi kesho," nikamwambia Bibi Iraz,
nikiitazama risiti, si yeye.

Usiku, ofisi tupu, birika juu ya birika,
nilijenga faharasa ya pili:
si ya majina, ya vivuli vyake,
kila kimoja kimeshushwa mara moja tu,
kikapangwa, kikangoja.
Sikugusa alichoandika Hayrettin. Sikumsahihisha Nurgül.
Nilibadilisha namna ya kuuliza
na mahali pa kutafutia jibu.

Asubuhi alikuja na koti lile lile.
Jina, kitufe, na kabla kidole hakijanyanyuka:

IRAZ KALYONCU
Iraz KALYONCU
ıraz Kalyoncu

Watatu. Kijiji kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa,
kilo zimegawanyika kati yao kama urithi wenye ugomvi,
na malipo ya misimu miwili ya yule wa mwisho
yamelala tangu elfu mbili na kumi na moja,
hayajadaiwa na mtu.

Akasogeza miwani. Akajisoma taratibu, mara tatu.
"Kumbe," akasema, "ndiyo maana mgongo hauponi.
Nimekuwa nikichuma kwa wanawake watatu."

Kisha akachukua kalamu, akauliza
ni yupi kati yao atie sahihi.