Mita Ngapi kwa Saa

Tulianza na sindano moja.
Tone linaning'inia mdomoni mwake
kama neno ambalo mtu anasita kulisema,
umeme unalivuta, tone linachongoka,
na kwenye ncha yake uzi unachomoka,
mwembamba hata jicho linaukana.
Jioni Zdislava alikwangua sahani,
akapima: gramu moja, haijatimia.
Sindano imeziba.
Tukaizibua. Ikaziba tena.

"Tuongeze," akasema. Tukapanga mia.
Zikagombana, kila moja ikimsukuma jirani kwa chaji yake,
za pembeni zikitema nje ya kitambaa,
za katikati kimya,
kama watoto wa kati katika nyumba ya wengi.
Kazi mpya tuliyoipata
ni kuzibua sindano mia.

Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Mteja wa Ostrava hataki kibaba.
Anataka roli, upana mita moja na nusu,
anataka lori lirudi nyuma hadi mlangoni
na liondoke limejaa.

Ni Otakar, fundi wa grisi na boliti,
asiyeulizwa chochote kwenye mikutano,
aliyesimama na spana mkononi akatuuliza:
"Tundu mnalihitaji la nini?
Umande hautoki kwenye tundu."

Zdislava hakumjibu. Akavua miwani.
Kesho yake alimwagiza akate bomba la chuma.

Sasa silinda imelala ndani ya hori,
nusu imezama, nusu iko hewani,
inazunguka polepole, chovya, chovya,
imejipaka utando wa polima mgongoni.
Kilovolti ishirini: hakuna kitu.
Arobaini: utando unatetemeka.
Sitini,
na silinda ikasisimka!
Ngozi yake ikaota vipele, elfu, maelfu,
hakuna aliyevipangia pa kusimama,
na kila kipele kikatoa uzi,
uzi ukijipinda, ukijichapa, ukikaukia njiani
kabla haujakigusa kitambaa kinachopita juu.
Otakar akavua kofia.
Akaivaa tena, kulikuwa na baridi.

Nisiseme kama kwamba tulishinda.
Novemba mvua ilishuka kutoka mlima Ještěd,
unyevu ukapenya chini ya milango,
nyuzi zikavaa shanga,
urembo ambao kichujio hakiutaki.
Roli kumi na nne tukazitupa.
Harufu ya kiyeyushi ililala nami kitandani.
Niliota nazibua.

Mama alikuja Jumamosi, na fimbo yake.
Miaka thelathini na mmoja alifuma pamba mji huuhuu,
sikio la kushoto aliliacha kwenye vishindo vya mitambo,
kifuani akabaki na vumbi lao,
kikohozi kinachotangulia kabla hajabisha hodi.
Hata leo anasoma midomo;
wafumaji wote walijifunza,
waliteta bosi akiwa katikati yao.

Nikampa kipande. Akakisugua
kwa vidole vilivyojua pamba ya kila daraja,
gumba juu ya shahada, kama anahesabu pesa.
"Hapa hamna kitu."
"Kipo, mama. Kipo juu ya kitambaa."
"Kiko wapi?"
Nikamwambia apulize.
Pumzi ikapita, nywele zangu zikacheza.
Nikamwambia: vumbi halipiti.
Nilitamka taratibu, aone midomo.

Alikitazama kile kipande kwa muda mrefu.
Akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa koti,
akakohoa, akangoja kikohozi kiishe.
Kisha akaigeukia silinda inayozunguka,
akaikagua hori, mikanda, fani, kichwa hadi mkia,
akakunja uso kama msimamizi wa zamu:

"Mita ngapi kwa saa?"

"Ishirini," nikasema. "Mvua isiponyesha."

"Ni chache," akasema mama.
Akavuta kiti, akakaa,
akaanza kuhesabu mizunguko.